Daftari la Maumbile: Karatasi za Kutupwa, Elimu ya Kuhifadhi



Katika nyumba zetu nyingi za mwambao, kapu la taka hujaa kabla ya adhuhuri. Humo mna pakiti ya unga iliyomalizika asubuhi, boksi la majani ya chai, bahasha ya bili ya stima, kipande cha leso iliyochanika, na daftari la mtoto la mwaka jana ambalo nusu ya kurasa zake hazikuguswa na kalamu. Nje ya dirisha la nyumba hiyohiyo mkungu unapukutisha majani mekundu, chozi ananyonya maua, na bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku. Mtoto wa nyumba hiyo akiulizwa mti ule unaitwaje, mara nyingi hana jibu ila kusema kwamba ni mti tu.

Makala haya yanakusudia kuyakutanisha mambo hayo mawili: vitu tunavyovitupa na maumbile tusiyoyatazama. Njia tunayoipendekeza ni nyepesi na haina gharama. Ni kumtengenezea mtoto, au afadhali kutengeneza pamoja naye, daftari la maumbile kwa vitu vilivyokwishatumika nyumbani, kisha kulijaza siku kwa siku kwa yale anayoyaona, anayoyagusa na anayoyauliza.

Elimu inayoondoka na wazee

Huenda mzazi akasema kwamba huu ni mchezo wa kuwashughulisha watoto siku za likizo. Ni mchezo, naam, lakini ndani yake mna jambo zito. Mzee wa Lamu aliyezoea kazi ya mikoko akiutazama mti uliosimama matopeni hujua kama utatoa fito, pau, mazio, boriti au nguzo. Mvuvi huyajua majira ya kaskazi na kusi bila ya kutazama kalenda. Bibi aliyezaliwa shambani hujua mkwaju hukunja majani yake usiku, na mbuyu hufungua maua yake meupe giza likishaingia, popo wakayazuru. Elimu hii haikuandikwa sana. Imekaa vifuani na ndimini, na kila jeneza linalotoka nyumbani huondoka na sehemu yake.

Kenya ina aina 9 za mikoko, na zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko nchini iko katika Kaunti ya Lamu. Ni watoto wangapi wa pwani wanaoweza kutenganisha mkoko na mkandaa, au mchu na mlilana? Mtoto asiyeujua mti kwa jina lake hatashtuka siku utakapokatwa. Ndiyo maana daftari hili lina thamani kuliko karatasi zake: ni mahali pa kuyaweka majina hayo, kwa mwandiko wa mtoto, kabla hayajapotea.

Kwa sisi Waislamu, kuyatazama maumbile ni ibada ya fikra. Sura ya Aal Imran inawasifu wenye akili wanaozingatia kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na Sura ya Al-Israa inakemea vikali ubadhirifu. Daftari lililotengenezwa kwa karatasi iliyookolewa linayakusanya mafunzo yote mawili mkononi mwa mtoto mmoja.

Wala kazi ya kutengeneza vitabu kwa mkono si ngeni kwetu. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa mafundi walionakili misahafu na kuijalidi kwa ngozi. Karibu na zama zetu, mwaka 2018, mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki zilizookotwa na kufunikwa kwa vipande vya ndara takriban 30,000. Ikiwa takataka zimeweza kuwa chombo cha kusafiria baharini, boksi la chai halitashindwa kuwa jalada la daftari.

Kukusanya vifaa na kuvichambua

Tenga kapu moja dogo jikoni, na kwa muda wa wiki moja weka humo kila kitu kikavu na kisafi kinachoweza kufaa. Pakiti za unga za karatasi zikikung'utwa vizuri na kukunjuliwa hutoa karatasi ngumu ya kubandikia majani. Maboksi ya chai, sabuni na nafaka hufaa kwa majalada. Madaftari ya shule yaliyokwisha mwaka yafunguliwe pini zake kwa uangalifu, na karatasi pacha zisizoandikwa zitolewe. Karatasi zilizochapwa upande mmoja zibandikwe mbilimbili, maandishi yakielekeana ndani. Bahasha ndogo huwa mifuko ya kutilia mbegu. Vipande vya leso, kikoi na mabaki ya fundi cherehani ni vazi la jalada, na pakiti ya maziwa iliyooshwa, ikapasuliwa na kukaushwa ni koti la kulikinga daftari na mvua.

Kabla ya mkasi kugusa karatasi yoyote, kuna uchambuzi ambao mama hana budi kuusimamia mwenyewe. Kadi nyingi za harusi zetu huanza kwa Bismillahi. Kalenda za misikiti, karatasi za madrasa na hata toleo hili ulilolishika mara nyingi huwa na aya, hadithi au jina la Mwenyezi Mungu, na jina hilo limo pia ndani ya majina ya watu kama vile Abdallah. Karatasi za namna hiyo zisikatwe, zisipakwe gundi wala zisiwekwe chini. Zitengwe katika mfuko safi na kuhifadhiwa kwa adabu kama wanazuoni wetu walivyotufundisha. Mtoto akishiriki katika uchambuzi huu atajifunza heshima ya neno kabla hajajifunza kushona kitabu.

Kulishona daftari

Chukua karatasi pacha 8 za daftari la shule, au karatasi 8 za kawaida za ofisini, uzikunje katikati zote pamoja. Utapata kurasa 32. Hesabu hii tumeichagua kwa makusudi: mwezi wa Hijria ni siku 29 au 30, hivyo kila siku itapata ukurasa wake, ukurasa wa kwanza utabaki kwa anwani na wa mwisho kwa muhtasari. Mwezi ukiandama kwa siku 29, ukurasa wa ziada upewe babu au bibi aseme jambo, mtoto aandike. Ukipenda kubandika majani, ongeza katikati karatasi moja au mbili za pakiti ya unga.

Kata boksi liwe kubwa kuliko karatasi zilizokunjuliwa kwa nusu sentimita kila upande. Pitisha mgongo wa kisu butu katikati yake, ukifuata rula, ili likunjike bila ya kupasuka. Paka gundi upande wa nje, laza kipande cha leso, kinyooshe kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kisha pindia ncha zake ndani. Liweke jalada chini ya kitu kizito, kama gunia la mchele au ubao uliowekewa kinu, mpaka kesho yake. Likikaushwa bila ya uzito litajikunja.

Jalada likishakauka, weka karatasi ndani yake na utoboe matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia: moja katikati, moja juu na moja chini. Tunga uzi imara katika sindano. Ingia tundu la katikati ukitokea ndani kwenda nje, na uache mkia wa uzi ndani. Rudi ndani kwa tundu la juu. Likiruke la katikati, utoke nje kwa tundu la chini. Kisha rejea ndani kwa tundu la katikati. Sasa ncha mbili za uzi zimekutana ndani. Zifunge fundo juu ya uzi mrefu ulionyooka kati yake, na kazi imekwisha. Kutoboa na kukata ni kazi ya mkubwa, na mtoto wa miaka sita au saba aweza kuuvuta uzi.

Gundi na rangi za jikoni

Gundi ya unga haishindwi na ya dukani kwa kazi hii. Koroga vijiko vikubwa 3 vya unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito na wenye kung'aa. Tia shabu kidogo iliyosagwa, kama walivyozoea wajalidi wa zamani, kwani gundi tupu ya unga huwaita wadudu. Itumike ikishapoa, na isiyotumika ndani ya siku mbili imwagwe.

Rangi nazo zi karibu. Manjano yaliyokorogwa kwa maji moto hutoa rangi iliyokolea. Hina hutoa kahawia yenye wekundu, maganda ya vitunguu yaliyochemshwa hutoa rangi ya dhahabu, na chai ya rangi huipa karatasi nyeupe sura ya kitabu cha kale. Makaa ya jikoni ni penseli nyeusi isiyonunuliwa. Mpe mtoto jaribio hili: apake manjano, yakauke, kisha adondoshe tone la maji ya sabuni ya kipande. Manjano yatageuka wekundu mbele ya macho yake. Ayaandike aliyoyaona, kwa kuwa elimu huanza kwa mshangao wa namna hiyo. Ajue pia kwamba rangi ya manjano hufifia ikipigwa na jua, kwa hiyo daftari lifungwe linapowekwa.

Kuandika nini?

Watoto wengi hukwama hapa. Wakipewa ukurasa mtupu na kuambiwa waandike kuhusu maumbile, huchora nyumba, jua na ua moja, basi. Afadhali kila ukurasa uwe na mistari minne isiyobadilika: mwezi wa mbinguni, upepo, maji, na kitu kimoja kilichotazamwa kwa makini.

Mwezi unajulikana. Tangu hilali ionekane, mtoto auchore kila usiku anapoweza kuuona. Atagundua mwenyewe kwamba mwezi mpevu huchomoza karibu na Maghribi, na kwamba kila siku inayofuata huchelewa kiasi. Upepo atauliza: je, huu ni kusi au kaskazi? Kaskazi huvuma takriban kutoka Disemba hadi Machi. Kusi hushika baada ya hapo na kuendelea mpaka karibu na Septemba.

Maji ndiyo yenye siri kubwa zaidi kwa watoto wetu. Wale wanaokaa karibu na bahari waandike maji yamejaa saa ngapi na yamefika wapi. Baada ya wiki chache wataona mambo ambayo mabaharia wetu waliyajua kwa moyo. Saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku zinazoandamana na mwandamo na mwezi mpevu huwa na bamvua, na katika siku hizo hapa Mombasa maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, kisha hupwa sana kiasi cha saa nne. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Mtoto akiyaona haya kwa jicho lake na kuyaandika, hatasahau kamwe kwamba mwezi ulioko juu na bahari iliyoko chini vinakwenda kwa mpango mmoja.

Huu hapa ni mfano wa ukurasa:

"Siku ya 15. Mwezi mpevu. Upepo wa kusi, una nguvu. Maji yamejaa baada ya Alasiri na kufika daraja ya tatu ya ngazi za bandarini. Leo nimeokota majani 7 mekundu chini ya mkungu. Kwa nini majani mengine yameanguka yakiwa bado ya kijani?"

Swali la mwisho lina thamani kuliko maelezo yote yaliyotangulia. Mzazi asiharakishe kulijibu. Waende wote wawili wakautazame mkungu kesho yake.

Kitu cha kutazama hakikosekani hata kwa anayekaa ghorofani mjini. Mrehani uliopandwa kwenye mkebe una maua, nyuki na mbegu. Kifauongo kilichoota kando ya njia hujikunja kikiguswa, na mtoto aweza kuhesabu kinachukua muda gani kujikunjua. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeivamia miji yetu na kula mayai na makinda ya ndege wadogo, ahesabiwe kila asubuhi kwenye paa la jirani, kisha mtoto ajiulize mnana na chozi wamekwenda wapi.

Familia inayoweza kutembea izuru mikoko. Kijijini Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako wanakijiji wanahifadhi mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kuna njia ya mbao ya kina mama wa hapo inayompitisha mgeni katikati ya miti. Mtoto aguse jani la mchu kwa ulimi: litakuwa na chumvi, kwa sababu mti huo huitoa chumvi ya bahari kupitia majani yake. Atazame mbegu ya mkoko inayochipua ingali mtini, ikaning'inia kama kalamu mpaka iangukie topeni. Atafute tunda la mkomafi, duara kama mpira, ambalo vipande vyake vya ndani vikishatenganishwa ni kazi kubwa kuvirudisha. Kila kimoja kati ya hivyo kinatosha ukurasa mzima.

Kuyahifadhi majani katika hewa ya pwani

Hewa yetu ina unyevu, na jani lililobandikwa bichi huota ukungu na kuliharibu daftari lote. Chagua majani membamba yaliyoanguka, yapanguse, uyapange baina ya magazeti bila ya kupandana, kisha uweke uzito juu. Badilisha magazeti kila siku katika siku za mwanzo. Baada ya wiki moja hadi mbili jani hukauka na huweza kubandikwa. Majani mazito yenye maji mengi hayafai. Kwa hayo kuna njia nyingine: weka jani chini ya karatasi, mishipa yake ikielekea juu, kisha sugua polepole kwa kipande cha makaa. Sura ya jani, mishipa na kingo zake, itajitokeza. Kandoni pa jani andika jina lake, mahali, tarehe ya Hijria, na jina la aliyekutajia mti huo. Daftari likijaa, weka ndani yake majani makavu ya mwarobaini kama tunavyoyaweka katika nafaka.

Adabu za mtazamaji

Daftari la maumbile lisiwe sababu ya kuyadhuru maumbile. Kiota, yai na kombe lenye kiumbe hai haviguswi. Hata kombe tupu lina mwenyewe, kwa kuwa wapo kaa wanaolitegemea kuwa nyumba yao. Katika hifadhi za bahari kama za Malindi, Watamu na Mombasa, kuchukua makombe au matumbawe ni kosa la kisheria. Mtoto achore kombe lilipo, kisha aliache. Mikoko isikatwe hata tawi. Mti wa jirani uombewe ruhusa. Miti yenye utomvu mweupe, kama mnyaa, isichezewe, kwani utomvu huo hudhuru macho.

Ziko familia zinazojizuia kuchora viumbe wenye roho, na wanazuoni wamelijadili sana suala hilo. Daftari hili halimlazimishi mtu. Badala ya kumchora ndege, mtoto achore unyoya aliouokota, nyayo zilizobaki mchangani au umbo la kiota, kisha amweleze ndege mwenyewe kwa maneno: rangi ya kifua, urefu wa mdomo, sauti, na alichokuwa akila. Mara nyingi maelezo hayo humfanya atazame kwa makini kuliko mchoro.

Miezi kumi na miwili

Familia isianze kwa kuahidi mengi. Ianze na mwezi mmoja, ukurasa mmoja kwa siku, baada ya Alasiri au Maghribi. Siku itakayopita bila ya kuandikwa ipite, na kesho iendelezwe. Mwezi unaofuata ushonwe daftari jingine. Mwaka ukitimia mtakuwa na madaftari 12 yaliyofungwa pamoja kwa ukili au utepe wa leso, na ndani yake mna kaskazi na kusi, masika na vuli, bamvua kubwa za kuzunguka Machi na Septemba, na majina ya miti kama alivyoyataja bibi kwa lafudhi yake.

Walimu wa madrasa nao waweza kulichukua jambo hili. Watoto wa mtaa mmoja wakilinganisha madaftari yao watajua ni mti upi uliochanua kwanza na ni ndege yupi asiyeonekana tena. Miaka kumi baadaye, mtu akitaka kujua ufuo ulikuwa umefika wapi, au ni mwembe gani uliosimama palipojengwa ghorofa, huenda jibu likapatikana katika daftari lenye jalada la boksi la chai.

Kwa hiyo, mama mpenzi, leo jioni kabla ya kulifunga kapu la taka, lichungulie kwanza. Kisha mwite mwanao dirishani, mwoneshe mti ulio karibu, na umuulize unaitwaje. Asipojua, na wewe usipojua, mpigieni simu bibi. Jina atakalolitaja ndilo liwe la kwanza kuandikwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona, na watoto wenye kuizingatia neema Yake na kuitunza. Amin.